UZI: Rui Pinto, mdukuzi aliyetoa siri za Luanda, na yale yanayotuhusu sisi wa Mombasa

Fundi wa Makupa

Salamu kwenu nyote, na wakubwa shikamooni.

Nataka tumzungumze mtu mmoja anayeitwa Rui Pinto. Ni Mreno, amezaliwa mwaka 1988 huko Vila Nova de Gaia, mji unaotazamana na Porto ng'ambo ya mto. Vijana ninaowafundisha kompyuta hapa mjini wanamtaja sana, na kila mmoja ana Rui wake. Kuna waliomfanya walii, na kuna wanaosema ni jambazi kama jambazi mwingine yeyote. Mimi naona tunapaswa kumjua vizuri, maana kazi yake kubwa haikuwa ya mpira wala ya Ulaya. Ilihusu mafuta ya Angola, mali ya Waafrika wenzetu.

Kwanza, chuoni hakusomea kompyuta. Alisoma historia Porto, akaenda Budapest kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, mji ukamkaa moyoni, baadaye akahamia huko. Kompyuta alijifundisha mwenyewe chumbani. Nalisema hili kwa vijana wanaodhani bila shahada huwezi kujua kitu.

Septemba 2015 Rui alifungua tovuti iitwayo Football Leaks. Ikaanza kumwaga mikataba ya wachezaji: bei halisi za uhamisho, malipo ya mawakala, vifungu ambavyo hata mashabiki wa klabu yenyewe hawakuvijua. Mwaka uliofuata akaanza kulipatia jarida la Der Spiegel la Ujerumani shehena za nyaraka, nao wakawa wanamwita "John" ili kumficha. Kufikia 2018 nyaraka zilikuwa zimepita milioni 70. Jarida halikuzila peke yake. Liligawana na vyombo vingine vya habari vya Ulaya, na waandishi wengi wakakaa chini miezi na miezi kuzisoma na kuzihakiki.

Wapenzi wa mpira mnayakumbuka yaliyofuata. Cristiano Ronaldo alikubali makosa ya kodi mbele ya mahakama ya Madrid Januari 2019, akatozwa faini ya karibu euro milioni 19 na kifungo cha miezi 23 ambacho hakukitumikia. Manchester City walifungiwa na UEFA miaka 2 mwezi Februari 2020, kisha mahakama ya michezo ikaiondoa adhabu hiyo Julai mwaka huo huo na kubakisha faini ya euro milioni 10. Hayo tuyaache, kwenye vibanda vya mpira yameshasemwa yakaisha.

Njooni Luanda. Mwishoni mwa 2018 Rui alikabidhi diski yenye data nyingine kabisa kwa shirika linaloitwa PPLAAF, ambalo kazi yake ni kuwalinda watu wanaofichua maovu Afrika. Humo hamkuwa na mpira. Zilikuwa barua pepe, mikataba, hesabu na kumbukumbu za vikao zinazohusu biashara za Isabel dos Santos, binti wa José Eduardo dos Santos, aliyeitawala Angola tangu 1979 hadi 2017. Mwaka 2013 jarida la Forbes lilimtaja Isabel kuwa mwanamke wa kwanza Afrika kuwa bilionea wa dola. Juni 2016 baba yake alimpa uenyekiti wa Sonangol, kampuni ya mafuta ya taifa. Rais mpya, João Lourenço, akamwondoa Novemba 2017.

PPLAAF wakaipeleka diski kwa muungano wa waandishi wa uchunguzi, ICIJ. Waandishi zaidi ya 120 kutoka nchi 20 wakapitia nyaraka zaidi ya 715,000. Tarehe 19 Januari 2020 wakachapisha, wakaiita Luanda Leaks. Walionyesha mtandao wa makampuni zaidi ya 400 katika nchi 41, yakihusiana na Isabel na mumewe. Jambo lililonikaa kichwani ni lile la Sonangol: mwenyekiti aliyemrithi alidai kwamba dola milioni 38 zilihamishwa kwenda kampuni moja ya Dubai baada ya Isabel kuwa ameshaondolewa kazini. Yeye amekanusha kila kitu tangu siku ya kwanza hadi leo, anasema ni malipo ya kazi iliyokwisha kufanywa na kwamba anaandamwa kisiasa. Ni haki yake kusikilizwa. Lakini bila diski ile, hata swali lenyewe lisingeulizwa kwa ushahidi mkononi.

Sasa upande wa pili, na hapa ndipo nataka mnisikilize kwa makini. Mwaka ule ule wa 2015, kabla ya sifa zote hizi, Rui alimwandikia mkuu wa Doyen Sports, kampuni ya uwekezaji katika wachezaji. Alitumia jina la kubuni, Artem Lobuzov. Akataka kati ya euro 500,000 na milioni 1 ili asitoe hadharani nyaraka za kampuni hiyo. Wakili wake akaenda kukutana na watu wa Doyen kwenye kituo cha mafuta cha barabara kuu karibu na Lisbon, na polisi walikuwa wakisikiliza. Pesa hazikutoka.

Alikamatwa Budapest Januari 2019, akarudishwa Ureno Machi. Alikaa rumande zaidi ya mwaka. Aprili 2020 akahamishiwa kizuizi cha nyumbani, Agosti akawekwa chini ya ulinzi wa mashahidi kwa sababu alikubali kutoa paswedi za diski zake na kushirikiana na wapelelezi. Kesi ilianza Septemba 2020 akiwa na mashtaka 90. Tarehe 11 Septemba 2023 mahakama ya Lisbon ilimkuta na hatia ya makosa 9: kuingia kinyume cha sheria katika mifumo, mara 5, kuvunja siri ya mawasiliano, mara 3, na jaribio moja la kutoza pesa kwa vitisho. Mengi ya mashtaka mengine yalifutwa na sheria ya msamaha iliyotungwa kwa ajili ya ziara ya Papa. Alipewa miaka 4 ya kifungo cha nje. Kabla hata hukumu haijatoka, waendesha mashtaka walikuwa wamemwandalia kesi nyingine yenye makosa 377.

Msimamo wangu ni huu: siri za Luanda zilistahili kutoka, na namshukuru aliyezitoa. Lakini siri ikishawekewa bei, imeacha kuwa ya wananchi. Karibuni.

Kijana wa Bamburi

Kaka Fundi, asante kwa uzi, umeandika kwa kina. Ila kwenye msimamo wako sikubaliani nawe hata kidogo.

Pesa hakupata. Yeye mwenyewe anasema alijitoa kwenye yale mazungumzo. Mtu ametoa nyaraka milioni 70 bure, amefungwa, ameishi kwa kujificha, wewe unamshikilia kwa barua pepe moja aliyoandika akiwa na miaka 26? Upande wa pili kuna watu wanaoshutumiwa kula mali ya nchi nzima, na wana majumba London na Lisbon. Dola bilioni 1 na zaidi ndizo serikali ya Angola inazodai. Wallahi mimi kama ningekuwa Mwangola ningempa nyumba.

Na ungetaka apitie wapi? Aende kushtaki polisi wa Luanda, nchi ambayo baba mtu ameitawala miaka yote ile?

Bint Kibokoni

Mimi nina neno kwa kaka wa Bamburi. Hii habari ya "nilipe nisitoe" sisi wanawake hapa mjini tunaijua. Simu ya msichana inaibwa au inapelekwa kwa fundi, picha zinatolewa, kesho anaandikiwa: tuma elfu 20 au nazituma kwa baba yako. Namjua msichana aliyeacha chuo kwa jambo kama hilo. Anayefanya hivyo naye ana ujuzi, naye anajiita hacka. Kwa hiyo ninaposoma kuwa Rui alianzia na barua ya namna hiyo moyo wangu unakataa, hata kama aliyeandikiwa ni kampuni kubwa.

Endelea kaka Fundi, nakusoma.

Fundi wa Makupa

Ahsante dada. Umeligusa pale hasa.

Ndugu yangu wa Bamburi, swali lako ni la haki na sitaki kulikwepa. Hebu tufuate hesabu ya ile barua. Tuseme Doyen wangelipa. Nyaraka zile zingelala. Mashabiki wasingejua, wakaguzi wa kodi wasingejua, wachezaji vijana wanaouzwa kama shehena wasingejua. Angejua Rui na wangejua Doyen, basi. Maana yake siku ile alikuwa tayari kuwa mshirika wa kuficha kile kile alichokuwa akidai kukifichua. Na diski ya Luanda je, ingepitia njia hiyo hiyo? Wenye pesa za kuifanya ipotee walikuwepo tele. Haikupitia huko, na hilo namhesabia kama jambo la heshima kabisa. Aliitoa kwa PPLAAF, hakuomba chochote, na alikubali jina lake lisitajwe. Mawakili wake walikuja kumtaja kuwa ndiye chanzo siku chache tu baada ya uchapishaji, mwishoni mwa Januari 2020, akiwa gerezani.

Kwa hiyo sisemi watu wawili. Ni mtu mmoja aliyebadilika njiani, au aliyekuwa na mambo mawili ndani yake wakati mmoja. Mahakama ilimhukumu kwa moja, na haikumpeleka jela. Mimi nikiisoma ile hukumu naona walijaribu kupima yote mawili.

Na usisahau jambo ambalo vijana wenu hawalisemi: kati ya taasisi 5 alizokutwa na hatia ya kuingia mifumo yake, moja ni ofisi ya mwendesha mashtaka mkuu wa Ureno. Nyingine ni kampuni ya mawakili. Humo kuna faili za watu wasio na kosa lolote: walalamikaji, mashahidi, wateja wenye talaka na mirathi zao. Waliingiliwa nao. Hao hakuna aliyewaandikia makala.

Kiufundi, kwa mliouliza faraghani: masanduku ya barua pepe ya ofisi kwa kawaida hayafunguliwi kwa miujiza. Hufunguliwa kwa ujumbe wa kulaghai unaomfanya karani akabidhi paswedi mwenyewe, sawa na zile simu za "nimekutumia pesa kimakosa" zinazowaliza wazee wetu kila siku. Sitafundisha zaidi ya hapo kwenye uzi huu, mnisamehe.

Mzee wa Feri

Wanangu, marahaba kwa waliotoa salamu. Nimewasoma nyote na nimefurahi mnabishana kwa adabu.

Lakini naona mmekwenda Lisbon na Luanda mkamruka mtu aliyeishi na sisi hapa hapa Mombasa. David Munyakei. Wangapi mnamjua?

Alikuwa karani kijana Benki Kuu ya Kenya, Nairobi. Aliajiriwa 1991. Kazi yake ilikuwa kushughulikia karatasi za malipo ya wauzaji bidhaa nje. Akaona kampuni moja, Goldenberg International, inalipwa mamilioni kwa mamilioni kama fidia ya kuuza dhahabu na almasi nje. Sheria ilikuwa inaruhusu asilimia 20. Goldenberg walikuwa wanapewa asilimia 35. Na dhahabu yenyewe, Kenya ilikuwa inachimba kiasi gani? Almasi ndiyo hata usiulize. Karani yule akatazama fomu, akaona haziendi pamoja. Akatoa nakala, zikawafikia wabunge wa upinzani, Paul Muite na Anyang' Nyong'o, na mwaka 1993 jambo likafika bungeni.

Yeye akakamatwa Aprili 1993 kwa Sheria ya Siri za Serikali. Miezi kadhaa korokoroni. Kesi ikaanguka, akatoka Septemba. Kazi hakurudishiwa. Akashuka Pwani, akaishi Mombasa miaka, akasilimu, akaoa kwetu. Mtu aliyefichua wizi ulioitikisa shilingi ya Kenya, akawa anatafuta riziki humu humu tunamopita, na wengi hatukumjua ni nani. Serikali mpya ilipoingia, tume ya Jaji Bosire ikaundwa 2003, naye akaenda kutoa ushahidi. Mwaka 2004 shirika la Transparency International likampa tuzo ya uadilifu. Tuzo, lakini si kazi. Alifariki Julai 2006 huko kwao Narok, hajafika hata miaka 40, maskini.

Hakumwandikia Pattni, mwenye Goldenberg, barua akitaka chochote. Hakuvunja mlango wa mtu. Karatasi zilipita mezani kwake, akakataa kunyamaza. Ninyi vijana mkitaka mtu wa kumpa nyumba, mlikuwa naye hapa.

Kijana wa Bamburi

Mzee wangu, shikamoo. Haya sikuyajua. Nimesoma shule zote za Mombasa na Goldenberg niliisikia kama jina tu la kwenye mtihani.

Lakini Mzee, si umeithibitisha hoja yangu? Munyakei hakuvunja sheria ya kompyuta, hakuomba pesa, alifanya kila kitu kwa njia safi, na bado alikamatwa, akafukuzwa, akafa maskini. Rui ana kesi, lakini ana mawakili wa Paris na ulinzi wa serikali. Kijana wa leo akitazama wawili hawa atachagua nini?

Fundi wa Makupa

Nimekaa na hili swali tangu asubuhi. Mzee, asante kwa kumleta Munyakei humu. Alistahili kuwa mwanzo wa uzi.

Kijana, sioni kwamba umekosea. Naona umeonyesha kidonda chenyewe. Tofauti ya maisha yao haikutoka kwenye usafi wa mkono. Imetoka kwenye nani alikuwa anawasubiri mlangoni. Rui alipotoka na diski yake alikuta PPLAAF, akakuta ICIJ, akakuta mawakili, wapelelezi wa Ufaransa waliokuwa wanataka kumsikia, na hatimaye hata polisi wa Ureno waliomkamata wakaona ni heri wamlinde. Munyakei alikuta wabunge wawili wenye ujasiri na baada ya hapo barabara. Angalau John Githongo, aliyekuwa Ikulu na kuifichua kashfa ya Anglo Leasing, alipokimbilia Uingereza mwaka 2005 alikuwa na jina na marafiki. Karani hana jina.

Ndiyo maana sikubali hadithi ya kwamba mdukuzi hodari ndiye anayeokoa nchi. Fungueni Luanda Leaks mtazame. Diski ile peke yake ingebaki rundo la faili. Kuna mhasibu aliyekaa akafuata mkopo kutoka kampuni hii hadi ile, mwandishi wa Angola aliyewajua watu wenyewe, mwanasheria aliyesema hili tuchapishe na hili hatuna uhakika nalo. Waliwaandikia wahusika wote kabla ya kuchapisha ili wajibu. Baada ya hapo ndipo mambo yakasogea: benki ya EuroBic ikajitenga na Isabel, Ureno ikataifisha hisa zake za kampuni ya Efacec Julai 2020, Marekani ikampiga marufuku kuingia mwaka 2021, Uingereza ikamwekea vikwazo Novemba 2024.

Wakili Mtaani, upo? Hebu tuelezee sheria ya hapa, kwa sababu kuna watu watasoma hapa wakaenda kujiponza.

Wakili Mtaani

Nipo, Fundi. Nitasema kwa ufupi, na huu si ushauri wa kesi ya mtu yeyote.

Kenya tuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018. Kifungu cha 14: ukiingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, faini hadi shilingi milioni 5, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Kifungu hakijali ulikuwa na sababu gani. Ukisema "nilikuwa natafuta ufisadi" hiyo ni hoja ya kumwomba hakimu huruma, haifuti kosa. Ukiongeza barua ya kudai pesa, umeingia kwenye makosa mazito zaidi na hakuna wakili atakayekusafisha.

La pili watu hawalijui: hata ukishaiba ukweli, mahakama inaweza kukataa kuutazama. Novemba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, Njonjo Mue na Khelef Khalifa (huyu ni mtu wetu wa hapa Mombasa, wa MUHURI, shirika la haki za binadamu) walikwenda Mahakama ya Juu. Miongoni mwa ushahidi walikuwa na memo za ndani za tume ya uchaguzi, IEBC. Mahakama ikaziondoa kwenye kesi kwa sababu haikuonyeshwa kuwa zimepatikana kihalali. Ibara ya 50 ya Katiba inairuhusu kufanya hivyo pale ushahidi umepatikana kwa kuvunja haki.

Lakini sikilizeni hadithi ya tatu, ambayo naipenda kuliko zote. Khelef Khalifa huyo huyo, pamoja na Wanjiru Gikonyo, waliandika barua serikalini wakiomba mikataba ya reli ya SGR. Reli inayoanzia hapa Miritini, inayolipiwa na kodi zetu, mkataba wake ulikuwa siri. Walinyimwa. Wakaenda Mahakama Kuu hapa Mombasa wakitumia Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Mei 2022 Jaji John Mativo akaamuru mikataba itolewe. Novemba mwaka huo waziri mpya wa uchukuzi akaweka hadharani mikataba ya mikopo. Siyo yote iliyoombwa. Lakini hakuna aliyefungwa, hakuna aliyedukuliwa, na karatasi zile ukizipeleka mahakamani leo hakuna wa kuzitupa nje.

Kijana wa Bamburi

Wakili, hiyo ilichukua miaka kwa mkataba mmoja. Na walikuwa wanajua mkataba upo. Yale mambo ya Luanda, ungeandika barua kuomba nini? Kampuni ya Dubai usiyoijua jina?

Wakili Mtaani

Hapo umenishika. Barua ya kuomba habari inafungua kabati unalolijua. Haifungui lile usilojua lipo, na haifiki kwenye makampuni ya siri ya ng'ambo. Kwa hayo unahitaji mtu wa ndani. Ndiyo maana inaniuma kuona mswada wa kuwalinda wafichuzi umezungushwa bungeni mwaka baada ya mwaka, serikali zikija na kuondoka. Tulichonacho ni vipande: Sheria ya Hongo ya 2016 inasema anayemtisha au kumsumbua mtoa habari anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 1 au kifungo hadi mwaka 1. Sheria ya Kupata Habari, kifungu cha 16, inakataza mtu kuadhibiwa kwa kutoa habari kwa maslahi ya umma. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi. Vipande ni bora kuliko alivyokuwa navyo Munyakei mwaka 1993, lakini ni vipande.

Mzee wa Feri

Bwana Wakili, Mungu akuzidishie. Mimi nasema tu: katika kupitisha hizo sheria, jina la yule kijana lisemwe bungeni.

Bint Kibokoni

Samahani nawarudisha nyuma, na nauliza kwa dhati. Tuseme kuna mtu anafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Anatumia kompyuta ya ofisi, paswedi ni yake, na kwenye faili anazopewa azijaze anaona bei ya mzigo inaandikwa nusu, tena mara kwa mara, tena kwa mteja yule yule mwenye cheo. Hajavunja kitu. Huyo ni Rui au ni Munyakei? Na afanye nini kesho asubuhi?

Fundi wa Makupa

Dada, huyo ni Munyakei. Na naomba tumtunze vizuri kuliko tulivyomtunza wa kwanza.

Nikiongea kama fundi: asiingie faili ambayo kazi yake haimpeleki, hata kama paswedi ya bosi imebandikwa ukutani. Akifanya hivyo tu, kesi inageuka kutoka kwa mwizi ikawa juu yake. Asijitumie nyaraka kwa barua pepe ya ofisi, na asizipakie kwenye simu kupitia intaneti ya ofisi, kila kitu kinaacha alama. Asihamishe marundo ya faili. Aandike kwa mkono, nyumbani: tarehe, namba za kumbukumbu za mzigo, bei iliyotangazwa, nani alitoa maagizo. Mpelelezi akiwa na namba hizo, hati zenyewe atazitafuta kwa amri ya mahakama, na zitakuwa safi.

Asizungumze na mteja. Asimdokeze kwamba anajua. Hata kwa utani. Hapo ndipo Rui alipoharibikiwa.

Wakili Mtaani

Naongezea. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, ina njia ya kuripoti kwa mtandao bila kutaja jina. Mfumo unakuwezesha kufungua sanduku la siri kwa jina la kubuni na paswedi yako, kisha wao wanakuuliza maswali humo na wewe unajibu humo. Wengi wanaripoti mara moja halafu hawarudi kusoma, na malalamiko yanafia hapo kwa kukosa jibu la swali dogo. Paswedi ile aihifadhi kama anavyohifadhi kitambulisho. Aingie kwa simu au kompyuta isiyo ya ofisi. Na kabla ya kutuma chochote chenye muhuri wa serikali amwone wakili, kwa sababu Sheria ya Siri za Serikali iliyomkamata Munyakei bado ipo vitabuni.

Bint Kibokoni, usiandike zaidi hapa hadharani kuhusu ofisi hiyo wala mteja huyo. Nitumie ujumbe faraghani, nikuelekeze kwa mtu wa msaada wa kisheria hapa mjini asiyetoza.

Bint Kibokoni

Nimekutumia. Shukran sana.